Maunti Mbili za Kushoto

Pikap ya marehemu baba ilikuwa inabeba omena, wale samaki wadogo wa ziwa, kutoka Usenge, mpaka siku injini ikakata roho. Mimi nikaitafutia injini kubwa ya lori, nikakata boneti ipumue nje. Majirani hapa Nyalenda wakaiita jeneza yenye magurudumu. Mama akachoka.

"Nyathina, mtoto wangu, mtu wa skrepa, yule wa kununua vyuma vizee, anakuja Jumamosi. Kama hii kitu haijatoka kwa boma yenyewe, anaikatakata anabeba."

Ilibaki maunti tu, zile vyuma mbili za kushikilia injini kwa chasi. Za kutoshea mchanganyiko kama huo hakuna duka inauza, so nikakata pleti mwenyewe. Vaisi ya kubana chuma sina, natumianga geti ya nyumbani: naingiza pleti kati ya geti na nguzo, nagonga, inapinda.

Jumamosi asubuhi nikajaribu kuzifunga. Ya kushoto ikaingia sawa. Ya kulia pia ilikuwa ya kushoto! Zote nilikuwa nimegonga nikisimama ndani ya boma, zikapinda upande moja.

Nikazika ile mbaya kwa makaa ya jiko ya mama, nikapepea mpaka ikawa nyekundu, nikainyoosha, nikairudisha kwa geti. Kabla niruke geti niigonge kutoka nje, ipinde upande ile ingine, mtu wa skrepa akafika na mkokoteni.

"Fungua, kijana!"

"Siwezi, mzee. Geti imeuma chuma ya moto."

"Sasa nitaingia aje?"

"Shika hii nyundo, gonga ukiwa huko huko."

Nikamrushia juu ya geti. Mzee akagonga kama mtu anafukuza nyoka. Chuma ikapinda vile nilitaka, nikaitoa na koleo, nikaitumbukiza kwa maji. Mama akamwekea mgeni chai. Mimi nikaingia chini ya pikap, nikafunga bolti, nikalegeza mnyororo yenye ilikuwa inaning'iniza injini. Ikakaa.

Nikawasha. Kimya. Mama akafumba macho, midomo ikicheza maombi. Nikawasha tena. Ikanguruma, kuku wakapotea, lakini maunti zikashika. Nikaitoa mpaka nje ya geti.

Mtu wa skrepa akasimama na kikombe. "Kwani mimi nilikuwa nagonga nini?"

"Maunti, mzee. Kazi safi sana."

Mama alicheka mpaka akakalia mkokoteni ya wenyewe. Halafu akaja akaingia mbele, akanusa kiti.

"Bado inanuka omena," akasema.

Sijawahi sikia malalamiko tamu hivyo.