Kujulikana Hakuliwi

Naungama haya huku uso bado unaniwaka.

Natengeneza kadi na mabango hapa Omurushaka, kwenye fremu iliyo mbele ya nyumba yangu. Miaka mingi nimefanyishwa kazi kwa ahadi moja: "Weka jina lako chini, utajulikana." Kweli nilijulikana, kwa wengine waliotaka bure. Nikaapa kuwa atakayerudia maneno hayo atanitambua.

Juzi mchana, nikiwa nakula, akaingia mama mmoja mpole wa Ihanda. Alitaka kadi za harusi ya binti yake. Bei hakuuliza. Akaongeza, "Na kanisani nitawaambia wote kazi ni yako, mwanangu, wakujue."

Sikumwacha amalize. "Mama, kujulikana hakuliwi! Fundi cherehani naye utamwambia akushonee bure?" Nilipaza sauti mdomo umejaa ndizi, hadi majirani wakachungulia. Nilijiona mtetezi wa wabunifu wote wa Karagwe.

Mama aliinamisha macho.

Mara mke wangu akatokea uani. Alipomwona mgeni alipiga goti, "Shikamoo mama," kisha akanigeukia akitabasamu. "Baba Asimwe, umeshamshukuru? Mkungu wa ndizi hizo unazokula ameuleta yeye asubuhi. Alisema ni wa kazi ya kadi za binti yake."

Kwetu mkungu hupelekwa nyumbani, na aliyeupeleka haji tena kuutaja mbele za watu.

Majirani walikuwa bado wanachungulia. Ndizi yake ilikuwa mdomoni mwangu, na sikuweza kuimeza wala kuitema.