Mvua Haipimwi

Nilipokuwa mtoto, kwetu hakuna mtu mwenye akili timamu aliyehesabu ng'ombe kwa kidole. Uliwatazama tu wakiingia zizini, na kama mmoja hayupo moyo wako ulijua. Watoto vivyo hivyo. Mgeni akimwuliza bibi ana wajukuu wangapi, alijibu, "Wapo, wapo," akageuza mazungumzo. Tuliamini kwamba kitu ukikihesabu umekionyesha kwa kifo. Nisiseme uongo, mpaka leo mtu akiwahesabu wanangu kwa kidole namshika mkono.

Kwetu ni chini ya milima ya Kibakwe, nchi ya uwele na vumbi, na wakati huo aliyetawala alikuwa Mjerumani. Nililelewa na babu yangu Ndahani na bibi, wazazi wa mama. Babu ndiye aliyemswaga kondoo mweusi wa tambiko kila mwaka hadi kwa mtemi, mvua ikaombewe, na heshima yake ilitoka hapo. Aliniita "mke wangu", kama babu wote wanavyowatania wajukuu wao wa kike, na nikimuudhi alitishia kuoa mwingine. Yeye mwenyewe ndiye aliyenipeleka shule ya misheni.

"Nenda ukasikie wanasema nini," aliniambia, "kisha uje unieleze."

Basi kila jioni nilimweleza. Habari za Nuhu alizipenda mno. Alisema huyo Nuhu lazima alikuwa na mtemi hodari, mvua ya siku zote hizo si mchezo.

Mkuu wa misheni alikuwa Mzungu mrefu, mpole, ambaye jina lake sitaki kulitaja. Watu walimwita Bwana Chupa, na sababu ni hii. Mwaka mmoja, kabla ya masika, alisimamisha nguzo nyuma ya kanisa, akaizungushia miiba, na juu yake akaweka chombo cha bati chenye chupa ya kioo ndani. Serikali ilikuwa imemwagiza apime mvua na kuandika kila asubuhi imenyesha kiasi gani. Mvua ya kwanza ilinyesha, manyunyu tu. Bwana akaitoa chupa, akaitazama juani, akaandika, akamwaga yale maji kwenye mchanga.

Baada ya siku ile mbingu zilifunga. Wiki ya kwanza watu walisubiri, ya pili wakanung'unika. Mbegu tulizokuwa tumezipanda udongo ukiwa mkavu zilianza kuliwa na panya.

"Mvua haipimwi," alisema babu. "Kama vile mtoto hahesabiwi. Amempimia Mungu mkononi, Mungu amekunja ngumi."

Wazee walikwenda kumwona Bwana, nami nikawafuata. Mkalimani alikuwa Mwalimu Danieli, Mnyamwezi aliyekombolewa utumwani akiwa mdogo. Alisema Kigogo chetu vizuri, ila kwa wazee alibaki mtu wa kuja.

"Mvua ni ya nani?" babu aliuliza.

"Ya Mungu," alijibu Bwana.

"Basi unaipima ya nini?"

"Serikali inataka kujua."

Babu aliwageukia wenzake. "Mmesikia? Serikali inamdai Mungu maelezo." Wazee walicheka, lakini cheko lenyewe lilikuwa kavu. Kisha babu aliomba kwa upole kabisa, na mtu huyu hakuzoea kuomba: "Iondoe kwa siku kumi tu, Bwana. Tuone. Isiponyesha, nitakuja kukaa kanisani kwako mimi mwenyewe."

Mwalimu alitafsiri kwa haraka, nadhani aliona hiyo ni bahati. Bwana akatikisa kichwa. Alisema akiiondoa atakuwa ameiungama imani yao, na yeye hakuja Ugogo kwa ajili hiyo. Siku kumi tu! Nimeishi na Wakristo maisha yangu yote, na nimeona wakikubali mambo makubwa kuliko hilo kwa bakuli la nyama. Lakini Bwana alikuwa mtu wa msimamo, na msimamo wake ulilipiwa na wengine.

Jumatano iliyofuata aliita watu kanisani mchana kuombea mvua. Nilibanwa na kikohozi, nikatoka nje. Nyuma ya kanisa nikamkuta babu ndani ya ua wa miiba, miguu imechanika, ameishika ile chupa kwa mikono miwili kama mtu aliyepokea kitoto kichanga. Hakuivunja. Aliifunga katika nguo yake.

"Mke wangu, umeniona?"

"Sijakuona," nikasema.

"Mke mwema," akasema, akaondoka zake.

Sijui mtasema nini, na si juu yangu kuwaamulia. Jioni ile ile ilinyesha. Ilinyesha siku tatu, makorongo yakajaa, dari la tembe letu likavuja pembe zote nne, na bibi alicheza katika tope huku amejifunga kibwebwe. Ninyi mliozaliwa kwenye mabomba ya maji hamwezi kuijua furaha ile.

Jumamosi nilikuwa nafagia baraza la Bwana, ndiyo kazi yetu wasichana. Yeye na Mwalimu walikuwa wamekaa, daftari liko wazi. Bwana alikuwa na huzuni kwa sababu chupa imepotea na mvua kubwa kuliko zote imepita bila kupimwa. Lakini alimwambia Mwalimu kwamba si kitu, sala za Jumatano zimejibiwa, na Jumapili atawaambia watu waache kumpelekea mtemi kondoo.

Nikaacha kufagia. Sala gani? Wao walikuwa wamekaa kivulini, babu yangu ndiye aliyechanwa na miiba! Nikasema kwa Kigogo, "Si sala zenu. Babu ameitoa chupa."

Mwalimu alinitazama. "Nyamaza, mtoto," akasema, kwa Kigogo pia, polepole. "Fagia."

"Anasema nini?" Bwana akauliza.

"Mambo ya kitoto, Bwana."

Lo, kiburi! Nilidhani Mwalimu anamwibia babu sifa yake. Nikatupa ufagio, nikasimama mbele ya Bwana, nikasema kwa Kiswahili walichonifundisha wenyewe: "Babu yangu amechukua chupa. Mvua ni ya babu yangu." Hadi siku ile nilikuwa narudia tu ninachofundishwa. Maneno yale ndiyo ya kwanza ya Kiswahili niliyoyatunga mwenyewe.

Bwana hakukasirika. Alicheka kidogo, akanishika kichwa, akasema kusema kweli ni jambo jema. Kisha akaandika barua bomani, kueleza kwa nini siku tatu hazina hesabu. Alieleza kila kitu kama kilivyokuwa, maana naye hakujua kusema uongo: kwamba mzee mmoja wa tambiko ameichukua chupa ya maji, na watu wanaamini ana uwezo nayo. Akaomba asamehewe, aletewe chupa nyingine.

Sasa fikirini. Kule kusini vita vya majimaji vilikuwa vinawaka, Wajerumani wanawasaka waganga wa maji hadi vichakani. Halafu wanaletewa barua yenye mzee, maji na imani ya watu.

Askari walimkuta babu shambani, mimi na yeye tunapanda uwele. Walimvisha mnyororo shingoni akiwa na tope magotini. Alininyoshea jembe. "Malizia mstari huu, mke wangu," akasema, "ardhi isije ikakauka." Nikaumalizia. Nilidhani atarudi kuukagua.

Bwana alipopata habari alitoka mbio, akawafuata kwa miguu safari ya siku mbili, Mwalimu nyuma yake. Hilo nalikubali. Walirudi baada ya siku tisa. Walikuja moja kwa moja kwenye tembe letu, Bwana akavua kofia, akazungumza, na Mwalimu akatafsiri: Ndahani amenyongwa bomani, pamoja na wengine wawili tusiowajua.

Bibi hakulia papo hapo. Alikuwa anachambua mlenda, akaendelea kuuchambua.

Bwana, machozi yakimtoka, aliniinamia, akaniambia kwa Kiswahili, "Wewe hukukosa. Ulisema kweli."

Bibi hakujua Kiswahili hata neno moja. Aliinua uso. "Anamwambia nini mtoto?"

"Anampa pole," alijibu Mwalimu.

"Nani aliyemwambia Mzungu kwamba aliyeichukua chupa ni mume wangu?"

Mwalimu alinitupia jicho mara moja tu, kisha akamtazama bibi.

"Ni mimi," akasema. "Nilimwona."

Bibi aliinuka, akamtemea mate usoni. Akamlaani, yeye na uzao wake, kwa maneno ambayo kwetu mwanamke huyatamka mara moja tu maishani. Mwalimu hakujifuta. Bwana aliuliza kuna nini, na hakuna aliyemtafsiria.

Mdomo huponza kichwa, wanasema. Wangu uliponza vichwa viwili, wenyewe umebaki salama. Kuanzia siku ile hakuna nyumba ya kijiji chetu iliyompa Mwalimu Danieli hata maji ya kunywa. Alifundisha miaka saba zaidi, akafa kwa homa, na waliomzika walikuwa watu wa misheni tu. Mimi nilikuwa msichana mkubwa, nimekwisha kubatizwa. Nilirudi kutoka mazikoni nikamkuta bibi anashukuru kwamba ile laana imefika. Nikasonga ugali, nikampakulia, tukala.

Watu wa kanisa hunionyesha kwa wageni, wakisema mimi ni tunda la kwanza la kazi ya yule Mzungu. Sibishani nao, nimezeeka. Lakini mahubiri yake siyakumbuki hata moja. Wala sijui mvua ile ilikuwa ya nani. Ninachojua ni kwamba ile kweli waliyonifundisha niliisema mara moja tu, kwa lugha ya kigeni, mbele ya mgeni, nikimpenda babu yangu. Kwa lugha ya mama, mbele ya mtu aliyestahili kuisikia, sikuthubutu. Bibi alikata roho akimlaani bado yule aliyenificha, na mkono wake ulikuwa ndani ya mkono wangu.