Generosa na Kitambaa Chekundu Juu ya Mwamba

Nimeandika jina lake, nikafuta, nikaandika tena. Kichwa bado kinakataa. Generosa wetu hayupo.

Kwa ambao hamkumfahamu: alikuwa mchoraji, mtoto wa wakulima wa kahawa wa Mapera, kule Mbinga milimani. Tulikutana kwenye residency ya wasanii kando ya Ziwa Nyasa, upande wa Kihagara. Waandishi na wachoraji wachache, kila mtu na project yake mpya, tunakula pamoja, tunapeana feedback mpaka tunanuniana.

Siku ya kwanza alishuka kwenye gari amevaa sweta. Joto lote lile la ziwani! Nikamuuliza, "Dada, unaumwa?"

"Mimi Mmatengo bwana," akacheka. "Sweta sivui mpaka niiamini hali ya hewa."

Rangi hakununua. Alisaga udongo mwekundu aliobeba kutoka Litumbandyosi, akauchanganya na utomvu wa miti. Rangi ya kahawia ilikuwa kahawa ya nyumbani kwao. Studio yake ilinukia vizuri mno, sisi waandishi tukawa tunapita pale kila asubuhi tukijifanya tunaomba ushauri.

Alikuwa na kazi moja tu. Kitambaa kikubwa cha amerikani, vipande alivyoshona kwa mkono. Kikitundikwa kinafunika ukuta mzima wa ukumbi.

Ukiwa mbali unaona mlima mwekundu, basi. Ukisogea unaona ngoro, yale mashimo tunayoyaona kwenye mashamba ya Wamatengo. Ukisogea zaidi, jamani, kila shimo lina mtu ameinama analima, na kila mtu ana sura yake. Mama yake alikuwemo. Nilisimama pale nikasahau nilichokuja kusema.

Moyo wake ulikuwa na tatizo tangu utotoni. Alituambia mapema, bila kujionea huruma. "Mkiniona nimesimama njiani, endeleeni. Napumua kidogo, nakuja."

Kitambaa kilikuwa kiende Dar kwenye maonyesho. Kaka Osmund, coordinator wetu, alishakipatia usafiri. Ilibaki kukikunja tu.

Mchana huo mvua ikaja kutoka ziwani, na upepo wa ajabu. Mama Tereza, aliyekuwa akitupikia, akatoka jikoni ameshika kichwa. "Wanangu, boti ya kliniki haijarudi."

Ndani ya boti ile walikuwemo kina mama waliopeleka watoto kuchanjwa kijiji cha pili. Binti yake Skola alikuwemo, na kichanga chake.

Tukakimbilia mwaloni. Pale boti inaingia kwa njia nyembamba katikati ya miamba. Ukikosea unapasuka. Na siku ile hukuweza kuona hata maji yaliyo mbele yako.

Tulisikia injini. Ikapita. Ikarudi. Walikuwa wanatutafuta. Watu wakawasha moto, mvua ikauzima. Wakapunga kanga, hazikuonekana. Tukapiga kelele, upepo ukachukua.

Mara nikamwona Generosa anakuja, kitambaa kizima begani.

Kaka Osmund akashtuka. "Dada, hiyo si ya maonyesho? Itaharibika!"

"Osmund, shika upande huo. Tunapanda."

Akatangulia kwenye mwamba mrefu kuliko yote. Yeye, na moyo ule. Alisimama mara moja katikati, midomo imekuwa ya bluu, nikanyoosha mkono kumsaidia. Akanionyesha juu kwa kidole. Akaendelea.

Tukakifungua. Wanaume wa mwaloni walishika juu, sisi chini, upepo unatuvuta. Mlima mzima mwekundu ukasimama kwenye mvua ya kijivu. Rangi ikaanza kutiririka. Nilihisi udongo ukishuka mikononi mwangu mpaka kwenye viwiko, nikawaona wale watu wa ngoro wakifutika mmoja mmoja, na Generosa anapaza sauti: "Msishushe! Msishushe!"

Injini ikageuka. Boti ikatokea moja kwa moja katikati ya miamba, kina mama wamekumbatia watoto, wamelowa, wazima wote.

Skola alisema baadaye, "Tuliona kitu chekundu juu. Nahodha akasema, pale ndipo nyumbani."

Mama Tereza alipiga magoti mbele ya Generosa kwenye matope. Generosa akamwinua haraka, anaona aibu. "Mama, tafadhali. Shikamoo. Inuka."

Hakuchora upya. Kitambaa kilikwenda Dar vilevile, michirizi ya udongo na sura chache zilizosalia. Nilikuwepo. Watu walisimama mbele yake muda mrefu, na hakuna aliyewaeleza chochote. Generosa alikataa habari ya boti isiandikwe hata kwenye maelezo.

Jumatano iliyopita moyo wake ulichoka. Alikuwa hospitali Mbinga, na kaka zake wakiwa naye.

Kwenye mazishi Mapera, Fuso likapanda mlima limejaa watu wa ziwani, wanatetemeka kwa baridi. Mama mzazi wa Generosa akawaangalia bila kuwatambua. "Karibuni. Ninyi ni nani wake?"

Skola akamsimamisha mwanae mbele yake. Sasa anatembea. Skola akamsimulia mama yote, taratibu, mbele ya waombolezaji.

Mama akamvuta mtoto karibu. Kisha akasema, "Alikuja Krismasi, akachuma kahawa na mimi wiki nzima. Hakunitajia." Akampakata yule mtoto, na hakumwachia mpaka padre alipomaliza ibada.

Dada Generosa, nimeishi na wasanii wengi. Mkubwa kama wewe sijamwona, na ulikuwa unatuoshea vikombe.

Tutawatembelea mama na kaka zako. Wewe pumzika, moyo wako umefanya kazi kubwa. Ulale kwa amani, dada yangu.