Usiite Kisonono Kabla ya Kuuliza

Nakumbuka siku moja kule Kasongo, na waliokuwa chumbani nawakumbuka wote: yaya wangu Mwavita, dada yangu mkubwa, ndiye bibi arusi; mama yetu Asha; Bi Zaina, mama mkwe wa yaya; na Bibi Tatu, somo aliyemfunda yaya. Mimi nililetwa kumtumikia yaya. Mume, Ramazani, alikuwa barazani na wenzake. Hakuwa na siku nyingi tangu arudi kutoka Nyangwe.

Mwanangu, arusi ilikuwa bado mbichi, na yaya analia kila akikojoa. Moto, akasema, na matone tu, kisha haja inarudi. Bi Zaina hakungoja. Alisema hicho ni kisonono, amekileta toka kwao, na aende nacho kwao leo hii. Mama yetu akamjibu kwamba kisonono kinapanda mtumbwi Nyangwe pamoja na wanaume. Talaka ilikuwa imeshasimama mlangoni, inangoja kuitwa.

Bibi Tatu akawanyamazisha kwa mkono, akamgeukia yaya.

"Mutoto, iko usaha? Iko kidonda, ama uchafu unatoka?"

"Hapana, bibi."

"Na choo unaenda wakati gani?"

Yaya akaeleza, kichwa chini. Njia ya choo ilipita mbele ya baraza, naye alifundwa kwamba bibi arusi haonekani na wanaume. Basi alibana mkojo toka alfajiri mpaka giza, na maji akaacha kunywa ili haja isije.

Bibi Tatu akacheka, halafu akakasirika. "Nilikufunda kuona haya, sikukufunda kujiua. Na weye Zaina, ulipokuwa bibi arusi, ulikojoa wapi?"

Bi Zaina akatazama mkeka. Mama akaficha kicheko ndani ya nguo.

Bibi Tatu hakuishia hapo, maana alijua kisonono kwa mwanamke huweza kujificha. Alimwita Ramazani pembeni, akamuuliza yeye naye. Hakuwa na moto wala usaha. Bibi akawaambia mume na mke walale mbalimbali kwanza. Uani wakatoboa njia ya nyuma ya kwenda choo, yaya akanywa maji mengi, na maji ya ndevu za mahindi zilizochemshwa. Moto ukapoa, ndoa ikabaki.

Basi, mwanangu, mficha uchi hazai. Mkojo ukiunguza na haja ikija mara kwa mara, pengine ni kibofu tu: kunywa, usibane. Ukiona usaha, kidonda ama uchafu wenye harufu, hilo ni la watu wawili. Mtibiwe wote, la sivyo mmoja atamrudishia mwenzake. Usipoona kitu, usijiapize umesalimika, muulizane bado. Na homa ikipanda, kiuno kikauma, maji hayatoshi: kimbilia mwenye dawa, kibofu nacho kinaua.

Mungu akupe nyumba ambayo mgonjwa huulizwa kabla ya kuhukumiwa. Na kama jina la mutu nimelikosea, wajukuu wa Bi Zaina walioko Kabambare wanisahihishe. Habari ya ile njia ya choo wasiniguse. Niliipita mwenyewe kila siku.