Gauni la Foronya

Usiku ule nililala na rangi ya kijani kwenye kucha. Nilizisugua kwa limau, nikazisugua kwa jiwe la miguu, haikutoka, nikapanda kitandani hivyo hivyo nimenuna. Hasira ilikuwepo, sikujua ni ya nini. Nikaidhania ya joto. Tanga miezi hiyo hata ukuta unatoka jasho, na mimi nilikuwa nimeshinda kwenye cherehani tangu asubuhi nikimalizia magauni matano ya watoto, ya kuvaa kesho yake kwenye arobaini ya Bibi yangu.

Niseme kwanza magauni yalitoka wapi, maana bila hilo ndoto yenyewe haieleweki. Wiki moja kabla, Shangazi Hawa alinijia na furushi. Huyu ni binti wa Bibi wa kumzaa, na Bibi aliugulia na kufia nyumbani kwake. Ndani ya furushi mlikuwa na mashuka mawili na foronya mbili, vyote kijani kama mchicha uliochemshwa ukapitiliza.

"Nimeyaokota mnadani," akasema. "Mtumba, lakini pamba tupu. Nimeyatia rangi mwenyewe yafanane. Washonee wajukuu wa kike kitu chepesi, wapendeze siku ya bibi yao. Si wewe ndiye fundi wa kufufua matambara?"

Kufufua matambara ndiyo kazi yangu na sioni aibu. Nilimaliza kidato cha nne kwa alama za kunifikisha kwenye cherehani, basi nikakaa kwenye cherehani. Shati la mwanamume mnene nakutolea magauni mawili ya mtoto na kofia. Pazia nakutolea sketi. Lakini foronya ndiyo rahisi kuliko vyote. Unakata ule upande ulioshonwa, unachonga makwapa mawili, unapitisha utepe shingoni, umemaliza. Chini huna haja ya kugusa, pindo limeshashonwa na aliyekutangulia. Nusu saa mtoto kavaa na upepo unampita.

Ila mashuka ya mtumba nayaogopa. Mtu kalala humo, katoa jasho, mate, mengine sitaki kuyataja. Kwa hiyo kabla ya mkasi kugusa kitu, nakiinua kwenye mwanga, nakipitia shubiri kwa shubiri. Yale mashuka sikuona doa hata moja. Nikafurahi. Nikasema Shangazi leo kajitahidi. Nilifurahi, na mpaka leo nikikumbuka furaha ile naitema.

Sasa rudi nyuma, siku ya mazishi. Kwetu aliyemwosha maiti wa kike ndiye hupewa nguo za marehemu na matandiko yake, ni haki yake, hakuna anayebishana. Bibi alioshwa na Bi Tatu, jirani mtu mzima anayeuza maandazi, shoga yake tangu usichana. Na Bibi alikuwa na matandiko ya maana, meupe pe, mazito, zawadi ya mwanawe aliyekuwa melini. Alikuwa akiyafua kwa mkono wake hata alipokuwa haoni vizuri. Wakati wa kumpa Bi Tatu chake ulipofika, Shangazi akamletea mfuko wa plastiki wenye kanga mbili zilizochujuka na gauni lililotatuka kwapani.

Mtu mmoja akauliza, "Na yale meupe?"

Shangazi akashusha sauti, lakini ile ya kushusha ili wote wasikie. "Tumeyachoma. Mama mwisho wake alikuwa hajizuii. Yalikuwa hayatazamiki, jamani. Harufu mpaka barazani."

Wanawake wakavuta mitandio puani, kana kwamba harufu ipo bado. Bi Tatu akafungua mfuko, akaangalia, akafunga. "Ahsante," akasema. "Mungu awalipe." Mimi nilikuwa nimekaa palepale, nimempakata binti yangu Rukia. Niliamini, na nikamwonea Bibi kinyaa. Bibi aliyenilea.

Hayo ndiyo niliyolala nayo, pamoja na kucha za kijani.

Nilimkuta Bibi amekaa kwenye kitanda cha kamba, kitupu, hakuna hata mkeka juu yake. Kichwa wazi, nywele zile nyeupe chache zimesukwa mbili-mbili kama nilivyokuwa nikimsuka mwenyewe. Akanigeuzia mgongo. Kamba zilikuwa zimemchora mgongo mzima, mistari na mistari, kama samaki aliyebanikwa kwenye waya. Nilitaka kumgusa, mkono ukakataa kwenda. Nikaona aibu ya mkono wangu.

"Bibi, mbona hujatandikiwa?"

Akawa anazungusha mpini wa cherehani la mkono, lile la zamani lenye maua ya dhahabu, na mpini ninauzungusha mimi, maana nina miaka saba na miguu yangu haifiki chini. Yeye anaelekeza kitambaa. Ni cheupe. Kinapita chini ya sindano na hakiishi, kinamwagika sakafuni, kinatoka mlangoni, na mimi nazungusha tu, nazungusha, mpaka nasikia harufu.

Harufu ya rangi inayochemka. Tuko uani kwa Shangazi. Sufuria la shughuli, lile la kupikia pilau ya watu mia, liko mekoni, na Shangazi anakoroga kwa mwiko. Ndani kitu kinajigeuza, kinavimba, kinatoa povu la kijani. Nafikiri ni nguo. Kisha anachota, anapakua kwenye sinia, na watu wanakula. Wanakula kwa mikono, wanaramba vidole, midomo yao ya kijani, na wananipongeza. Fundi, mikono yako ibarikiwe. Mmoja anavuta kitu kutoka kati ya meno, anavuta, ni uzi, hauishi.

Watoto wanapita mmoja mmoja na magauni yao. Rangi inawatiririka miguuni, inaacha nyayo kwenye saruji. Rukia ni wa mwisho, kavaa lile la foronya. Namwita, hasikii. Anakwenda moja kwa moja kwa Bibi, na Bibi sasa amelala kwenye ubao wa kuoshea, macho wazi, na Bi Tatu anammiminia maji kwa kata, taratibu, kama mtu anayemwagilia mche. Maji yanayotoka mwilini mwa Bibi ni safi. Nayaangalia sana. Yanapita kwenye kijifereji yakiwa safi kabisa, unaweza kuyanywa. Bi Tatu anageuka huku na huku akitafuta cha kumfutia. Hakuna. Anamfuta kwa viganja.

Bibi akainuka akakaa. Akamvuta Rukia kwa ncha ya gauni, akalileta pindo puani, akalinusa. Uso ukamkunjamana, nami naujua ule uso, ndio aliokuwa akiukunja akifungua mtungi akakuta maji yamelala. Akaniangalia mimi.

"Mke mwenzangu," akasema. Ndivyo alivyoniita maisha yake yote, kwa utani wa kwamba nimemnyang'anya babu. "Mume umechukua. Na foronya nayo?"

Nikataka kucheka, kwa sababu ni yeye hasa, sauti yake, kebehi yake. Kicheko hakikutoka. Yeye pia hacheki.

"Sikuchafua shuka," akasema. "Hata siku moja. Nilikuwa natambaa mpaka chooni usiku, yeye amelala."

Nikasema, "Bibi, mimi sikujua."

"Ulijua kuninusa."

Hilo ndilo neno lililonipiga. Alikuwa ameniona, siku ile, na mtandio wangu puani kama wengine. Nikaanza kulia kwa sauti ambayo haitoki. Nikatafuta pa kushika, nikashika mguu wake, wa baridi, wenye ukucha ule uliopinda. Ukucha ulikuwa umekatwa vizuri. Bi Tatu alikuwa amemkata.

"Mpe Tatu kilicho chake," akasema Bibi. Kisha akaingiza kidole gumba kwenye pindo la gauni la mwanangu, akalibonyeza kama anayetafuta chawa.

"Fumua."

Nikaamka.

Nje kulikuwa kunaanza kupambazuka, jogoo wa jirani anahangaika. Magauni matano yalikuwa yananing'inia kwenye kamba ya neti, kijani, yametulia. Mimi si mtu wa ndoto. Nikimwambia mtu hivi ataniuliza nililala na njaa au nimeshiba sana. Lakini nilishuka kitandani, nikachukua wembe, nikashika lile la Rukia, na kidole chenyewe kikaenda palepale kwenye pindo nililoliacha bila kuligusa kwa sababu ni rahisi, kwa sababu ndivyo ninavyowafundisha wenzangu, chini usihangaike nako.

Nikakata mshono, nikakunjua.

Rangi haikuwa imeingia. Ndani ya mkunjo palikuwa na utepe mweupe, mweupe kama siku uliponunuliwa. Na kwenye kona, vifundo vitatu vya uzi mwekundu. Bibi alikuwa akiweka alama hiyo kwenye kila kitandiko chake, ndani, ili majirani wasichanganye wakianua. Viwili vidogo, vimekazwa. Cha tatu kikubwa, kibaya, kama tumbili ndiye aliyekifunga. Hicho nilikifunga mimi, nina miaka saba, na yeye akakataa kukifungua. Alisema kiache, kitanionyesha kipi ni chetu.

Nilikwenda uani nikatapika. Nikasukutua, nikarudi.

Shangazi alisema yamechomwa. Mwanamke alimzushia mama yake mzazi, mbele za watu, kinyesi, ili asitoe mashuka mawili. Kisha akayapika rangi, akanipa mkasi mimi niyamalize kabisa, na leo alikuwa awasimamishe wajukuu mstarini wamevaa wizi, watu wasome dua.

Vipande vya makwapa sikuwa nimevitupa. Mimi huwa situpi kitu. Nilimimina mfuko wa vipande sakafuni, nikakaa nacho kimoja kimoja, nikafumua makwapa, nikaanza kuvirudisha mahali pake. Shuka lililokatwa halirudi kuwa shuka, najua. Litakuwa na makovu ya mshono, mikunjo ya mviringo panapotakiwa bega la mtoto. Lakini kulaliwa na mtu mzima, linaweza.

Rukia akaamshwa na cherehani. Akasimama mlangoni anajikuna tumbo.

"Mama, mbona unaharibu gauni langu?"

"Si lako."

"La nani?"

"La Bi Tatu."

Akafikiri. "Bi Tatu hataenea."

"Ataenea. Subiri."

"Na mimi nitavaa nini?"

"Lile la sikukuu ya Idi."

"Linanibana."

"Leo wote tutabanwa," nikamwambia, nikaendelea kukanyaga.

Nilikuwa nimefika gauni la tatu simu ilipoita. Shangazi, sauti tamu, nyuma yake sufuria zinagongana.

"Mwanangu, umeamkaje? Magauni tayari?"

"Shikamoo, Shangazi. Nimefumua pindo la foronya."

Nikasikia mtu kule anamuuliza chumvi iko wapi, naye hajibu.

"Njoo mapema basi," akasema mwishowe, polepole. "Njoo kabla ya wageni. Tuzungumze mimi na wewe, ndani."

Niliangalia kucha zangu. Kijani bado.

"Tutazungumza, Shangazi," nikasema. "Watu wakishakaa."