Shikamooni Kati ya Mabenchi Mawili

Mimi ni msichana wa aibu. Darasani nikiitwa kusoma mbele ya wenzangu, sauti inabaki tumboni. Neno moja tu nimelimudu tangu utotoni, nalo ni shikamoo. Halihitaji ujasiri. Unalitoa, mkubwa anakujibu marahaba, unapita zako, hakuna anayekuuliza la pili. Nimeishi kwa neno hilo miaka kumi na sita hapa Mchafukoge. Msimu huu wa kampeni wazee wa kona yetu wameliharibu, na mpaka leo nikiwaona nasikia kichefuchefu.

Chini ya ghorofa tunaloishi kuna kijiwe cha kahawa. Baba mkubwa, kaka wa marehemu baba, anauza vipuri vya cherehani Kariakoo, na kila alasiri akishafunga duka anakuja kukaa pale. Pembeni yake alikuwa anakaa fundi saa. Urafiki wao ulikuwa wa kugawana kashata moja, huyu anauma, yule anamalizia. Urafiki huo ndio ulioleta posa: kijana wa fundi saa alimposa dada yangu, baba mkubwa akapokea barua kwa mikono miwili. Binti wa fundi saa naye ni jirani yangu wa dawati, kidato cha tatu. Yaani familia mbili zilikuwa zimeshaanza kushonana, bado kukata uzi tu.

Basi siku ya mkutano wa kampeni, fundi saa akaonekana Mnazi Mmoja amevaa kofia ya upande ambao sio wa baba mkubwa. Kuna mtu alimpiga picha. Kabla mkutano haujaisha picha ilishaingia kwenye grupu la mtaa, na chini yake baba mkubwa aliandika neno moja: msaliti.

Jioni ile nilikuwa dirishani, nikayasikia yote.

"Kumbe siku zote unakunywa kahawa yetu na moyo uko kwingine," baba mkubwa alisema.

"Kahawa ni ya muuza kahawa," fundi saa akajibu. "Na mimi nimevaa kofia tu. Wewe umevaa kamba, tena shingoni, na anayeivuta humjui."

Watu wakacheka, na nadhani kicheko kile ndicho kilichoharibu kila kitu. Kesho yake wenzake fundi saa walibeba benchi lao wakalivusha ng'ambo ya kichochoro. Kila benchi likafungiwa bendera. Muuza kahawa, ambaye hajawahi kusema anampenda nani, alihamisha jiko lake akaliweka katikati kabisa, akawa anamimina huku, anageuka, anamimina kule. Wazee wenye mvi, waliokuwa wakitugombeza tukigombania mpira, wakawa wanatemeana mate kwa kulenga. Wanatema pembeni, lakini wanahakikisha mwenzao ameona. Nilikuwa nikipita pale naangalia chini nisije nikakanyaga.

Shuleni nako ugomvi ukafika. Jumatatu binti wa fundi saa alikuja, hakuniambia hata "mambo", akachukua begi lake.

"Baba kasema nisikae na ukoo wenu," alisema.

"Kwa nini?"

"We si unajua."

Alikuwa na kichongeo changu alichoazima. Akakiweka juu ya daftari langu kwa ncha za vidole, kama mtu anarudisha kikombe cha mgonjwa, akaenda kukaa nyuma. Kipindi kilichofuata kilikuwa Uraia. Mwalimu akatuandikia ubaoni maana ya uvumilivu wa kisiasa. Tukanakili wote, yeye kule nyuma, mimi huku mbele, na sote tukapata vema. Hata mwalimu mwenyewe tulikuwa tunajua anakunywa kahawa benchi gani.

Sasa tatizo lilikuwa harusi. Baba yetu amefariki, babu naye alishatangulia, hatuna kaka, na baba hakuacha ndugu mwingine wa kiume. Walii wa dada ni baba mkubwa peke yake. Asipomuozesha yeye, ndoa haipo. Zilikuwa zimebaki wiki tatu, na baba mkubwa alimwambia mama maneno haya, mbele ya dada: "Mtoto nampenda. Ila mkeka mmoja na yule mtu sikai."

Dada hakulia. Alikwenda jikoni akaanza kuosha vyombo ambavyo vilikuwa safi.

Mama, Mungu ampe subira, aliamini ugomvi ule ni wa rangi. Sare ya shughuli ilikuwa imeshachaguliwa, lakini ile rangi mtu akiitazama kwa jicho baya aliona bendera. Akasema tukitafuta sare ambayo haina upande, baba mkubwa atalainika. Tukaenda Kariakoo kwenye duka la vitambaa la mzee mmoja wa Kihindu ambaye amemuuzia mama vitambaa tangu hajaolewa.

Mama akaanza. Kijani? Akatikisa kichwa mwenyewe. Njano hapana. Nyekundu hapana, bluu hapana. Zambarau, mteja mmoja dukani akasema hiyo nayo ina wenyewe. Damu ya mzee, mama akaipenda, halafu akasema kwa mbali wataiona nyekundu.

"Nipe basi rangi ambayo haina chama," alisema.

Mzee yule alivua miwani akaifuta. "Mama, rangi kama hiyo dukani kwangu ni moja tu. Na ile watu wananunua wakifiwa."

Mama akacheka. Halafu akaacha.

Sanda hatukuitaka, tukatoka na rangi ya ugoro, ile kahawia iliyofifia. Harusi ya dada yangu, msichana anayependa vitu vinavyong'aa mpaka chupi, watu wavae ugoro. Mama akakata kipande akanipa. "Mpelekee baba yako mkubwa. Mwambie hiki hakina upande, na mwambie namuomba. Wewe hawezi kukukatalia, huna maneno."

Nilishuka ngazi na kile kitambaa kwenye kiganja. Mabenchi yote mawili yalikuwa yamejaa. Baba mkubwa kulia, fundi saa kushoto, jiko la kahawa katikati. Na hapo ndipo nilipofanya kosa ambalo hata sasa sijui ningelikwepaje. Tangu utotoni nimefundishwa kuwa ukikuta wazee wengi hupiti mmoja mmoja, unawasalimia wote kwa pamoja. Nikasimama karibu na jiko, nikakusanya pumzi, nikasema, "Shikamooni."

Hakuna aliyejibu.

Nilidhani hawajasikia. Nikarudia kwa sauti ya juu, mimi, ambaye sijawahi kupaza sauti. "Shikamooni."

Niliwaona wanatazamana. Kila benchi lilikuwa linangoja kujua salamu ni ya nani. Wakijibu hawa, watakuwa wamekula salamu moja na wale. Wazee kumi na zaidi, wengine wamehiji, wanakodolea macho neno la mtoto kama wanakagua noti bandia. Muuza kahawa peke yake alisema marahaba, taratibu, akiangalia makaa.

Kisha mzee mmoja wa benchi la baba mkubwa akaniuliza, "Umemsalimia nani?"

Na mwingine ng'ambo akasema, "Mwacheni, naye ni popo. Kwa wanyama hayumo, kwa ndege hayumo."

Wakacheka, mabenchi yote mawili, kwa pamoja. Kwa mara ya kwanza tangu mkutano walikuwa wamekubaliana jambo, na jambo lenyewe lilikuwa mimi. Nilimtazama baba mkubwa nikingoja aseme huyu ni mwanangu. Alikuwa anakoroga kikombe ambacho hakikuwa na sukari. Nikampa kitambaa, maneno ya mama yakanikwama. Akakigeuza upande huu na huu.

"Ugoro," alisema. "Sawa. Mwambie mama yako nitaangalia."

Hilo "nitaangalia" likaniingia vibaya kuliko kukataliwa. Nikapanda ngazi nikaenda chooni nikatapika kweli. Sioni haya kuliandika.

Siku ya ndoa sebule yetu ilijaa ugoro mtupu. Shehe amekaa, bwana harusi amekaa kichwa chini, fundi saa kavaa kanzu na kofia ya kawaida. Walii hayupo. Binti wa fundi saa alikuwa mlangoni kwa wanawake, tukatazamana, tukaangalia pengine. Alasiri ikapita. Mama akapiga simu, akaongea kwa sauti ndogo, akarudi akamwambia shehe kitu sikioni. Shehe akavuta pumzi, akaomba kisahani. Simu ikawekwa juu ya kisahani cha halua, spika imefunguliwa, katikati ya mkeka.

"Shehe," ilisema sauti ya baba mkubwa, "nimekuweka wakili wangu umuozeshe binti wa marehemu mdogo wangu."

Shehe akawauliza mashahidi, "Sauti mnaitambua?"

"Tunaitambua."

Wakati ule ule vikombe vya kahawa vikalia. Muuza kahawa ana mtindo wa kuvigonganisha mkononi kuita wateja. Mlio ukatufikia mara mbili, kwanza kwenye simu, halafu dirishani. Kila mtu pale ndani akajua baba mkubwa yuko wapi. Ghorofa tatu tu chini yetu. Dada, aliyekaa kando yangu ndani ya mtandio, aliniminya kidole mpaka kikauma, na ndoa ikafungwa.

Baadaye mama alipakua pilau kwenye sinia, akaweka nyama iliyo nzuri juu, akafunika kawa. "Mpelekee baba yako mkubwa. Vyovyote alivyo, ndiye walii."

Sikutaka. Nikapeleka. Benchi la kushoto lilikuwa na watu wawili tu, wengine walikuwa juu wanakula kwetu. La kulia lilikuwa limejaa. Baba mkubwa aliniona nikitoka mlangoni, akajiweka sawa, akashusha kikombe. Niliona uso wake unajiandaa kupokea salamu, kama siku zote. Wenzake nao wakanyamaza, maana mara hii hapakuwa na shaka ni ya nani.

Nikaweka sinia pembeni yake, juu ya benchi. Sikuitupa. Nikamtazama usoni, jambo ambalo sijawahi kumfanyia mkubwa yeyote, mdomo wangu ukiwa umefungwa. Neno lilikuwepo. Nililisikia kabisa kwenye ulimi, nikalimeza, likashuka kama kidonge bila maji. Nikageuka.

Nilikuwa nimeshafika kwenye jiko la kahawa nilipomsikia nyuma yangu.

"Marahaba," alisema.

Sikuwa nimesema kitu.