Nilipiga Isukuti ya Hatari, Sasa Jirani Yangu Anaitwa Jambazi

Admini, nifiche jina, na hata picha yangu usiiweke, maana wasichana wataacha kusoma waanze kuangalia. Mimi ni kijana wa miaka ishirini na mbili, kwetu ni Iguhu lakini nimepanga hapa Kakamega mjini. Shule nilifika kidato cha pili nikaona walimu hawana jipya. Kitu chenye najua ni ngoma ya isukuti. Nikiipiga, hata marehemu anatamani kushuka jenezani acheze kidogo ndio arudi. Kuna fahali wa kupiganishwa alikuwa ameshamkimbia mwenzake uwanjani kule Ikolomani, akasikia mkono wangu, akageuka akamvunja pembe. Uliza mtu yeyote. Usiulize kakangu, ana wivu.

Sasa mtaani kwetu kuna hawa vijana wa panga. Msiniletee hadithi za eti vijana hawana kazi. Hata mimi sina kazi na sijakata mtu. Wanakuja mchana peupe kwa pikipiki, wamevaa makoti meusi ya mvua, wanachukua simu na kibeti, na ukikawia kutoa wanakukata. Mama mboga wetu walimpasua bega akiwa ameshika tu sukuma wiki. Tulipiga ripoti mpaka tukachoka. Polisi walikujanga damu ikiwa imekauka, wanauliza nani ameona, na kila mtu anaangalia viatu vyake.

Ndio yule mama anayesimamia Nyumba Kumi, ule ulinzi wa majirani, akaita mkutano. Akasema, "Firimbi hata watoto wanapuliza. Nataka kitu chenye hakuna mtu atasema hakusikia." Akaninyooshea kidole. "Wewe wa mdomo mrefu, utapiga isukuti. Ya mazishi tunaijua, ya harusi tunaijua. Tupigie yenye hatuijui."

Nikatunga mdundo wa hatari siku hiyo hiyo. Sheria ikawa hivi: ngoma ikilia, kila mtu mzima anatoka mbio na chochote ako nacho mkononi. Asiyetoka ni mmoja wao. Ngoma ikinyamaza, mikono yote chini, mshukiwa anakalishwa tunangoja polisi.

"Kijana, umesikia? Kunyamaza ndio kazi yako kubwa," mama akaniambia.

"Mama, kunyamaza sijazoea, lakini nitajaribu."

Watu wakacheka. Mimi huwanga nachekesha.

Alhamisi iliyopita, mchana, mvua ikiwa imetoka kukatika, wakamvamia msichana wa duka la simu. Nikapanda juu ya kreti za soda nje ya kinyozi nikaanza kupiga. Wale wezi wenyewe wakaruka kwa pikipiki wakapotea, lakini nani alijua? Mtaa ulikuwa umeamka. Watu walitoka na majembe, michi, mwingine na mwiko bado una ugali. Walikuwa wanatafuta wa kupiga, na sura zao sikuzijua.

Kutoka upande wa mto akatokea Shem. Hilo si jina lake. Ni jirani yangu, tunagawana ukuta. Ana ng'ombe mmoja, na kila mchana anaenda kumkatia nyasi. Ananiitanga mulamwa, yaani shemeji, kwa sababu namtisha kwamba nitaoa dada yake. Huwa ananijibu, "Mulamwa, dada yangu hawezi kula ngoma." Siku hiyo alikuwa amevaa koti jeusi la mvua, panga ya nyasi mkononi, anakimbia. Alikuwa anakimbia vile sheria ilisema. Lakini watu wa upande wa juu hawamjui. Wao waliona koti, panga na mbio. Mmoja akasema, "Huyo." Jiwe likamlaza.

Sasa Shem yuko hospitali, taya limevunjika, hawezi kuongea, na mkono mmoja umefungwa pingu kwa kitanda. Vijana wetu wanasema ni jambazi, na Jumamosi baada ya baraza la mtaa wanaenda kumfukuza mke wake na watoto na kuchoma nyumba. Mimi wananisalimia kama mbunge. Kinyozi amekataa pesa yangu. Wananiambia, "Umetushikia mmoja."

Mke wake alikuja kwangu, hakukaa.

"Wewe ulikuwa juu ya kreti. Uliona alikuwa anakuja kusaidia. Waambie."

"Mama Brayo, kulikuwa na vumbi mingi."

"Vumbi gani, na mvua ilikuwa imenyesha?"

Akaniangalia, akaenda. 

Nikisema ukweli kwenye baraza, waliompiga ni marafiki zangu na kila mmoja anajua jiwe lake. Mmoja wao alikuwa anaosha jembe akaniambia, "Mdomo mrefu, Jumamosi usituharibie." Alikuwa anatabasamu. Nikinyamaza, watoto wa Shem watalala nje na baba yao ataenda jela bila neno. Nina mjomba kule Lumakanda ana shamba la mahindi, naweza kwenda leo nisionekane tena.

Wale wa kuandika "pole sana, Mungu yupo" mkae kando. Nataka mwenye akili aniambie kama nisimame Jumamosi niseme, au nihepe.

Na kabla hamjajibu, msinitetee eti sikumtambua. Nilimtambua kabla ya lile jiwe. Alikuwa anakimbia kuja kwangu, kwa sababu mimi ndiye nilikuwa naita. Alipoanguka aliinua mkono upande wangu. Ningenyamaza pale pale, wangeshusha mikono. Lakini mtaa wote ulikuwa unanitazama, na ngoma ilikuwa imekolea kuliko siku yoyote ya maisha yangu. Nikaongeza kasi.